Mashine Yangu Iliyoko Kampala

Jumatatu, 10 Juni 2013

Leo nimeokoka! Mimi Kataliko, mwenye saiba ya mashine nne hapa Birere, nimepata dawa ya Sibomana.

Huyu Sibomana ana saiba ng'ambo ya barabara. Mashine mpya, printa mpya, viti vya magurudumu. Wateja huingia kwangu kujikinga na mvua, kisha huenda kwake kufanya kazi. Mashine zangu niliachiwa na shirika moja lililokimbia vita. Nadhani lilizikimbia hata hizo. Ukifungua kivinjari asubuhi, ukurasa unafika saa sita, tena bila picha.

Sasa, binamu yangu Jephté ana duka la fotokopi Kampala, mtaa uliojaa Wakongomani. Mashine yake ni kali. Na kuna ujanja unaitwa bureau à distance: kivinjari kinafanya kazi kule kwa Jephté, mimi huku Goma naona kioo chake tu, na kipanya changu kinatembea kule. Nimemwomba neno la siri kwa ajili ya masomo. Amefurahi sana. Amesema hatimaye nimepata akili.

Nimejaribu. Kurasa zinaruka kama panzi! Nimeifunika mashine kwa kikwembe cha mke wangu Angèle, kikabaki kioo tu, watu wasione uzee wake. Nimetangaza mashine mpya kutoka Ulaya. Angèle ameuliza kikwembe chake cha misa kiko wapi. Nimesema sijui.

Jumanne, 11 Juni

Wateja saba kabla ya saa nne! Kikwazo kidogo tu: Jephté naye anaitumia mashine ileile. Papa Hategekimana, mwalimu mstaafu, alikuwa anaandika barua kwa mkaguzi. Ghafla kipanya kikaondoka chenyewe, kikafungua matokeo ya mpira wa Uganda. Akainuka na kushika rozari. Nimemweleza kwamba mashine za siku hizi humpumzisha mtu mzima akichoka. Amekubali. Amesema hata hivyo barua ilikuwa imezidi urefu.

Mchana wamekuja watu wa kwaya ya Murara kutazama video yao. Midomo inafunguka, sauti hakuna. Nimezipiga spika makofi. Bure. Jioni Jephté amepiga simu akifoka: kwaya nzima imeimba dukani kwake kwa sauti ya juu, wakati anamwapia mtu wa kodi kwamba mashine yake imekufa. Nimemwambia hiyo nayo ni sehemu ya masomo.

Alhamisi, 13 Juni

Leo sikucheka sana.

Amekuja mama Lucie, mkimbizi kutoka Rutshuru, anakaa kwa dada yake, mtaa wa Katoyi. Mwaka jana vita vilipofika kwao, yeye alikimbilia upande wa Goma. Mwanawe Damascène, kijana wa miaka kumi na tisa, siku hiyo alikuwa sokoni Bunagana. Akavuka mpaka na wenzake kuingia Uganda. Tangu hapo hakuna habari, simu yake haiiti. Picha moja tu ya kijana ndiyo iliyobaki, na mpwa wa mama aliyeko Bukavu amemtumia kwa barua pepe. Mama anataka karatasi za kubandika kambini Mugunga, labda apite mtu aliyemwona.

Nimefungua picha. Mama ameweka kidole kwenye kioo, juu ya shavu la mwanawe, na hakukitoa. Nimeandika chini kwa herufi kubwa: DAMASCÈNE, MAMA YAKO YUKO GOMA. Na namba yangu ya simu, maana yeye hana simu.

Nimebonyeza Imprimer. Printa yangu kimya. Nimebonyeza tena. Nimeizima, nimeiwasha, nimeitukana, nimeibembeleza. Nimebonyeza mpaka kidole kimeuma. Hata karatasi moja! Saa kumi na moja mama amesimama. Mvua ilikuwa inakuja, na Katoyi ni mbali kwa miguu.

"Papa Kataliko," amesema, "hata moya tu ingenitosha."

Ng'ambo ya barabara printa ya Sibomana ilikuwa inanguruma. Ningeweza kumwelekeza huko. Sikumwelekeza. Nimeona aibu, na aibu hiyo ninayo hadi sasa ninapoandika.

Ijumaa, 14 Juni

Jephté tena! Jana printa yake imetapika karatasi arobaini na tatu zenye sura ya kijana mmoja, mpaka wino umekwisha. Anasema ukibonyeza Imprimer ndani ya dirisha lake, karatasi inatoka kwake, jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Nimemwuliza kwa upole karatasi ziko wapi, anitumie kwa basi. Hanazo tena. Zote amempa muuza chapati wa mlangoni, afungie chapati.

Nimekaa chini. Angèle alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Amekivua kikwembe chake kutoka kwenye mashine, amejifunga, amemshika mkono mama Lucie aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, wakavuka barabara hadi kwa Sibomana. Wamerudi baada ya dakika kumi na karatasi ishirini, maneno yaleyale, namba ileile. Sibomana amenitumia salamu. Salamu! Yule mtu hana huruma.

Wanawake wamekwenda Mugunga kubandika. Mimi nimebaki na mashine uchi.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya historia!

Saa tatu asubuhi, namba ya Uganda. Kijana anauliza kwa hasira ni nani aliyeweka sura yake kwenye chapati. Anabeba mizigo kituo cha mabasi, mtaa wa pili kutoka kwa Jephté. Alinunua chapati mbili, akafungua karatasi, akajikuta anajitazama. Mafuta yalikuwa yamekula nusu ya maneno, lakini "mama yako" na namba yangu vilisalimika.

Nimemwambia asiondoke hapo alipo. Nimepanda pikipiki hadi Katoyi, nikampigia, nikampa mama Lucie simu. Ameishika kwa mikono miwili.

"Damascène, ni weye?" ameuliza. "Umekula?"

"Niko nakula, mama. Ni chapati."

Mama amekaa chini palepale kwenye mawe, anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi pia nimelia. Naandika hivyo bila aibu. Dereva wa pikipiki naye amelia, na hata hawafahamu.

Jumatano, 19 Juni

Birere nzima inanisifu. Watu wanauliza ile mashine inayotafuta waliopotea. Sibomana mwenyewe amevuka barabara kunipa mkono. Jephté amenisamehe. Damascène amefika dukani kwake kumshukuru, na mama Lucie amemwombea kwa simu dakika ishirini, kwa gharama yangu. Kwa hiyo neno la siri halikubadilishwa. Sharti ni moja tu: nisiguse tena Imprimer. Nimeapa kwa jina la nyanya yetu.

Usiku wote nimeyapima mambo haya kwa utulivu. Somo ni wazi: printa yangu ilikuwa mbovu. Mchana huu shemeji ameniazima nyingine, imefika juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inang'aa. Hii haina tabia za ile. Angèle amekataa kutoa kikwembe, nimefunika mashine kwa kitambaa cha meza. Kisha, kwenye dirisha lilelile la Jephté, nimeandika tangazo la kubandika mlangoni:

SAIBA YA KATALIKO. MASHINE YAKE MWENYEWE. HAKUNA MUTU ALIYEMUSAIDIA, WALA NDUGU WALA BINAMU.

Nimebonyeza Imprimer. Kimya. Ni mpya, lazima ipate joto kwanza. Nimebonyeza mara thelathini.

Simu inalia. Ni Jephté. Habari za printa zimemfikia upesi, anapiga kunipongeza.