Mifuko ya Alizeti

Jumatatu, 3 Machi

Kazi kubwa imeingia! Binti yangu, mtafiti wa kituo cha mbegu, anataka mifuko ya kufunika vichwa vya alizeti. Ya karatasi inalowa mvua na kuchanika. Anataka kitambaa kizito, mshono mara mbili, kamba ya kukaza shingoni. Nimemwambia amefika kwa fundi. Maisha yangu yote nimeshonea watu wanaovuta tumbo ndani wakipimwa. Alizeti haina hila hiyo.

Furaha imedumu mpaka chai ilipopoa. Kumbe nusu ya mifuko kampa shemeji.

Shemeji ni mdogo wa kike wa marehemu mke wangu. Anakaa nyumba ya pili kutoka hapa. Tulimlea huyu mtoto wangu pamoja tangu mama yake alipotutoka, na hajaniacha nisahau. Mtoto akifaulu mtihani, ni akili ya upande wao. Akisahau ufunguo, ni upande wangu.

Nimeamua mifuko yangu itakuwa na alama ya uzi mwekundu, watu wajue kazi ya nani. Shemeji kasikia, kachukua uzi wa buluu.

Jumatano, 5 Machi

Jioni mbaya. Mtoto katueleza kazi yake mezani. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, kwa hiyo nimepata nusu tu.

Anasema ndani ya kila seli ya mmea kuna vitu vidogo mno, mitokondria, ndivyo vinavyotengeneza nguvu. Alizeti huvirithi kwa mama peke yake. Hapo shemeji kaweka kijiko chini, kaomba arudiwe. Akarudiwa. Nikauliza, na binadamu je? Mtoto kasema hivyo hivyo. Shemeji akajiongezea chai, yeye tu, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Imeniuma, sitaki kujidanganya. Nilimtazama mtoto wangu anavyokula haraka ili arudi kwenye kazi yake, zile nguvu zote, nikajiuliza changu kiko wapi. Labda masikio.

Akaendelea. Alizeti zake za kike zina hitilafu katika mitokondria yao. Zinakua, zinachanua, ila hazitoi chavua, ule unga wa njano. Mwenyewe anazitaka hivyo hivyo, kwa sababu haziwezi kujizalisha, zinamngoja baba ambaye yeye atazichagulia. Tabu ni kwamba watoto wao nao huzaliwa bila chavua. Mkulima akipanda mbegu hiyo, shamba zima litachanua na vichwa vibaki vitupu. Kwa hiyo anatafuta baba wa aina fulani ambaye... hapo uzi ukaniponyoka, nikainama chini ya meza.

Nilipoinuka alikuwa anasema wamebaki baba wachache wa kujaribu. Wakishindikana, mkuu wa kituo atafunga utafiti wake na kumhamishia kituo kingine, mbali. Mbali kiasi gani, sikuthubutu kuuliza. Nilimwangalia shemeji, naye akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na hofu moja.

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza kabla ya shemeji. Kwa siku nzima!

Na sikulipua kazi. Nguo haitoki kwangu bila kujaribiwa, hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mtu mwenye cherehani. Nyuma ya kibanda changu, kwenye uzio, pana alizeti iliyojiotea. Matawi huku na kule, vichwa kila tawi. Shemeji huiita gugu. Nimeivalisha mifuko yote, mmoja mmoja, nikakaza kamba, nikatikisa kuona kama mshono unashika. Imekaa kama imezaliwa nayo. Nilipomaliza nilikuwa na unga wa njano mpaka kwenye masharubu.

Mtoto amefurahi. Amesema vichwa vichache atavifunika bila kuvipa baba yeyote, kwa uhakiki tu. Hivyo havitakiwi kuzaa hata mbegu moja. Vikizaa, maana yake chavua ya mtaani imeingia, na jaribio zima limeharibika. Nikamwambia mifuko ya uzi mwekundu haipitishi hata umbea.

Jumamosi, 12 Aprili

Maafa.

Vichwa vya uhakiki vimezaa. Si vyote, ila vya kutosha. Mtoto amerudi na mifuko ya vile vilivyozaa, kaitumbukiza kwenye kapu la kufua, kasema kesho ataikagua vizuri. Kaingia kulala bila kula. Mkuu wa kituo amemwambia akifika katikati ya mwaka bila jibu, afungashe.

Nikachungulia kapuni. Nyekundu. Yote nyekundu. Nikageuza mmoja ndani nje. Unga wa njano umejaa kwenye mshono, ule ule wa masharubu yangu.

Nilikaa chini jikoni. Nimemharibia mtoto kwa mikono yangu, na kwa ufundi wangu.

Kisha nikawaza kwa utulivu. Wakati mgumu kama huu mtoto anahitaji nini? Anahitaji baba wa kumtegemea. Mtu hawezi kumtegemea baba aliyemwagia chavua ya gugu. Kwa hiyo ni kwa faida yake, si yangu, kwamba nimefumua uzi mwekundu wote na kutia wa buluu. Halafu nimeenda kwenye uzio nikaing'oa alizeti na mizizi yake. Vichwa vilivyokwisha kukauka nimevikata na kuviweka kando. Mali haitupwi.

Jumapili, 13 Aprili

Mtoto katoa mifuko baada ya chai. Shemeji alikuwepo. Mtoto akaushika uzi wa buluu, akausugua kwa kidole gumba muda mrefu.

Shemeji naye kauona. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita ya kutwa. Hakupigana. Alisema taratibu kwamba labda macho yake yamechoka.

Jioni kaja na boksi lake la nyuzi, kalitua mbele yangu. Hana kazi nalo tena, anasema, kwa mtaa huu fundi mmoja anatosha. Ndilo neno nililolingoja miaka yote hii. Na lile boksi lilikuwa la mke wangu, yeye ndiye aliyempa mdogo wake. Nimelifungua, nikakuta shada la uzi mweupe limefungwa kwa mkono wake. Nimelifunga. Sijisikii vizuri.

Nimempelekea shemeji vile vichwa vya alizeti vilivyokauka, nafsi itulie. Akasema tangu tujuane sijawahi kumpa hata sindano. Nikasema ni vya kuku.

Jumanne, 15 Aprili

Mtoto hajazitupa zile mbegu haramu. Amezipanda pembeni ya kitalu, karibu na zile za baba halali, aone zitatoka vipi. Nikamshauri azitupe. Nikamshauri tena wakati wa chakula. Akaniuliza mbona jambo hili linaninyima raha hivyo. Nikasema ni joto.

Jumatatu, 23 Juni

Kurasa nyingi zimepita bure. Sikuwa na la kuandika, na boksi liko juu ya kabati, linanitazama.

Leo mtoto amekuja kibandani mbio, nimemwacha mteja amesimama na mguu mmoja wa suruali. Watoto wa baba wote wa kituo wamechanua, hawana chavua hata chembe. Watoto wa mbegu haramu wana chavua tele! Akanionyesha kidole chake cha njano.

Nikazima cherehani. Nikamwomba anieleze tena, safari hii sitatunga uzi.

Akanieleza. Mitokondria ni ya mama, na inabaki ya mama, haiguswi. Lakini wako baba wachache ambao katika kiini cha seli zao wana jeni ya kuituliza ile hitilafu. Mtoto anazaliwa na nguvu za mama yake, na kwa sababu ya baba yake anaweza kutoa chavua tena. Asipopatikana baba wa namna hiyo, ukoo unakomea hapo. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anamtafuta muda wote huu.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Shemeji hakuwepo, bahati yangu ilivyo.

Kisha akasema sasa anamtaka huyo baba mwenyewe, mmea au mbegu zake, maana mkuu anakuja Alhamisi na hatakubali ushahidi wa baba asiyejulikana. Mifuko ilikuwa ya uzi wa buluu, akasema. Basi itabidi tukamuulize mama mdogo? Akaningoja.

Nilipiga hesabu zangu. Nikisema ni wangu, nimekiri chavua, nimekiri uzi, na mmea wenyewe nimeung'oa. Nikikaa kimya, shemeji ataulizwa alizeti asiyokuwa nayo, na mtoto atafungasha. Mteja alikuwa anatusikiliza na mguu wake mmoja wa suruali. Nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyevuta tumbo ndani. Nikamwambia yote, mpaka masharubu.

Mtoto akasema anajua. Amejua tangu ile Jumapili. Uzi ulikuwa wa buluu ila fundo lilikuwa langu, lile la kurudi mara mbili, lililomkwaruza shingoni kwenye kila sare ya shule niliyomshonea. Alilipapasa tu akanijua. Alichokuwa hajui ni chavua ilitoka wapi. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini basi amemwacha mama yake mdogo na lawama. Akacheka. Mama mdogo aliambiwa jioni ile ile. Boksi la nyuzi lilikuwa adhabu yangu, wamelipanga pamoja.

Kumbe nimeishi na majasusi wawili.

Lakini mmea hakuna, nikasema, na mbegu wamekula kuku. Tulikwenda kwa shemeji bila matumaini. Akatusikiliza, akafungua mlango wa uani. Ukutani, mstari mzima, alizeti zimechanua, matawi huku na kule, vichwa kila tawi. Kuku walipewa vichache. Vingine alivipukuchua akapanda. Alisema zawadi ya kwanza mtu hawapi kuku.

Mtoto alikaa chini palepale uani, akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Shemeji akanipa kona ya khanga yake, bila neno lolote kuhusu upande wao.

Jumapili, 29 Juni

Mkuu wa kituo amekubali. Mtoto haendi popote! Mbegu za ile alizeti zimepewa jina la kazini, na jina alilochagua mtoto ni Fundi. Nimemwomba aliseme mara kadhaa, nihakikishe nimesikia vizuri.

Boksi nimelirudisha. Shemeji kachukua nusu ya nyuzi, kaniachia nusu, pamoja na lile shada jeupe. Tumekunywa chai watatu. Nimeapa mbele yao: sitagusa kazi ya mtoto tena bila kumuuliza, na sitajaribisha mfuko wowote kwenye ua lolote. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Ila liko jambo. Jumatano wageni wa kituo wanakuja kuiona alizeti iliyookoa utafiti. Wanaenda kuionea wapi? Kwa shemeji! Atawatandikia mkeka, atawaeleza mambo ya mitokondria, na Fundi mwenyewe nitakuwa nimesimama mlangoni kama mpita njia. Hiyo si haki. Ile alizeti ni ya uzio wangu.

Kesho mchana shemeji akijilaza, nitaihamisha. Polepole, na udongo wake. Nitamwachia mmea mmoja, ule wa karibu na dirisha la jikoni, maana huwa anauangalia akiosha vyombo na sitaki aukose. Hofu yangu ni vichwa kuchanika njiani. Bahati nzuri mifuko mipya aliyoniagiza mtoto iko tayari hapa mezani, mizito, mshono mara mbili, safi kabisa. Nitavivalisha. Huko si kujaribisha, ni kusafirisha tu. Tukifika nitaivua, nitaikung'uta kidogo, nitaikunja, na jioni mtoto ataikuta ilipokuwa.