Marehemu Hajambo

"Watu wote wa Tanga, Pangani, Maramba na vijiji vilivyo katikati wanatangaziwa kwamba wamefurahishwa sana na ubao mpya wa mashine ya kadi. Maoni yao yataanza kukusanywa Jumatatu."

Tangazo hilo lilisomwa mwaka wa hamsini na sita, mbele ya ofisi ya Shirika la Mpangilio wa Mashamba, na Bwana Abdulwakil bin Shehe, Msaidizi wa Mkusanya Maoni. Alilisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti nzito zaidi, maana mara ya kwanza muuza kahawa hakunyamaza.

Abdulwakil aliamini kila neno la tangazo lile. Furaha ya watu ilikwisha kuamuliwa na Baraza la Maoni na Ridhaa, kwa hiyo kazi yake ilikuwa ndogo: kuifuata furaha hiyo ilipo na kuiandika. Akiiandika vizuri, angepandishwa cheo na kuwa Afisa Maoni Mkuu. Na Afisa Maoni Mkuu alipewa nyumba ya shirika yenye feni ya dari. Ile feni ilimnyima raha. Mkewe, Sabiha, alikwisha chagua ukuta wa kutundika kioo, na majirani wa Chumbageni walikwisha ambiwa waanze kuwakumbuka.

Sasa, kwa wasioijua mashine ya kadi, na Abdulwakil alikuwa mmoja wao ingawa cheo kilimzuia kusema, mambo yalikuwa hivi. Kila mkata mkonge wa shirika alikuwa na kadi yake. Kazi aliyoifanya mwezi ule ilitobolewa matundu kwenye kadi. Kadi zote zikatiwa mashineni, na mashine ikazigawa kwenye makapu: huyu apewe unga mwingi, huyu unga kidogo, huyu akaonwe na msimamizi. Aliyeiambia mashine ipeleke kadi gani kapu gani ni ubao, uliojaa nyaya zilizosokotana kama tambi za Ramadhani. Ukichomoa waya hapa ukauchomeka pale, mashine ilibadili mawazo.

Ubao wa zamani ulipangwa palepale Tanga na watu wawili wa chumba cha mashine: Mzee Kombo, Mpemba aliyejiona kuwa hakuna mwenzake kwa nyaya wala kwa kuvaa, na Asmahani, binti wa Chumbageni mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Ubao mpya ulitoka Ulaya, ndani ya sanduku la nyasi kavu, ukiwa umepangwa tayari na kupigwa lakiri usiguswe. Waraka ulioandamana nao ulieleza sifa zake. Ulipunguza kelele. Uliongeza heshima. Ulikuwa mweusi wa kung'aa, hata mtu angeweza kujitazama na kuweka kofia sawa. Na uliongeza kapu moja ambalo zamani halikuwepo, kapu la Waliofariki, kwa sababu wataalamu wa huko walikwisha gundua kwamba mtu asiyefanya kazi mwezi mzima amekufa.

Jumatatu Abdulwakil aliingia chumba cha mashine na kalamu yake. Swali la Baraza lilikuwa moja tu: *Ubao mpya una hali gani?* Chini yake pameachwa nafasi ya jibu, upana wa kidole.

Kombo alikuwa rika la baba yake. Mtoto yeyote wa pwani angempa shikamoo bila kukumbushwa. Lakini Waraka wa Maamkizi Kazini ulikataza cheo cha juu kutoa shikamoo kwa cheo cha chini, hata umri uzidi vipi.

"Hujambo, Kombo," akasema Abdulwakil.

"Marahaba," akajibu Kombo. Shikamoo alikwisha iandalia jibu, hakutaka lipotee bure.

"Ubao mpya una hali gani?"

"Njema, alhamdulillahi."

Abdulwakil akaandika *Njema*, akafunika kalamu.

"Ila, bwana," akaendelea Kombo, "ubao huu waua watu."

"Umekwisha jibu, Kombo."

"Ndo kwanza naanza. Ile njema ni adabu. Mtu akuulize hali, umwanzie na msiba? Mie nilivyolelewa, hata nyumba iwe yawaka, kwanza wasema njema, kisha ndo waomba maji."

"Nafasi ya kuomba maji haipo," akasema Abdulwakil, akamwonyesha karatasi. Kweli haikuwepo.

Akamgeukia Asmahani, aliyekuwa akitoboa kadi bila kuinua macho.

"Ubao mpya una hali gani?"

"Salama, Bwana Afisa. Wewe una habari gani?"

"Nzuri."

"Basi mie zangu si nzuri. Mtu akishikwa na homa mwezi, kadi yake haina tundu, ubao wamtupa kapu la maiti. Wa zamani ulikuwa ukimpa unga kidogo mpaka apone. Huu wamzika. Tuondoe hii lakiri, tuhamishe waya mmoja tu."

"Salama," akasoma Abdulwakil alichoandika, akapuliza wino ukauke. Moyoni alimsifu binti yule kwa kujibu upesi.

Mlangoni alikutana na mtu mwembamba aliyekumbatia kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Alikuwa Zubeiri, mkata mkonge wa Mwera, huko Pangani. Alikuja kwa miguu kulalamika kwamba amekufa.

Abdulwakil alifurahi. Maoni ya marehemu hayakuwahi kukusanywa na ofisi yoyote. Akamketisha kwenye benchi.

"Hujambo, Zubeiri?"

"Sijambo, bwana. Shikamoo."

"Marahaba." Akaandika: *Marehemu hajambo.*

"Bwana, mie niliugua homa. Nimeamka, nakuta nimeletewa sanda na kilo ya sukari ya matanga. Unga wangu umekatwa. Jumbe wetu kapata karatasi ya shirika, kamwambia mke wangu, Mwatumu, aingie eda. Sasa hanitazami. Mwenyewe asema, Zubeiri, nakuona, lakini nikikupikia watu watasema nimeingiza mwanamume kabla eda haijaisha."

"Mke mwenye nidhamu," akasema Abdulwakil.

"Watu wamekuja matanga, bwana. Mie ndiye niliyewatandikia mkeka. Na fundi baiskeli keshatuma salamu za posa."

"Tusikuze mambo. Shirika halijasema umekufa. Limesema umewekwa kwenye kapu la waliofariki."

"Na unga?"

"Unga ni wa walio hai."

"Nami ni nini?"

"Wewe hujambo. Umesema mwenyewe, na imeandikwa."

Zubeiri akaitazama sanda. Mtu ametembea kutoka Mwera na njaa tumboni kuja kusema yu hai, anajibiwa na mtu aliyeshiba kwamba neno lake limepokelewa kwa furaha. Kama kuna namna chafu zaidi ya kumfukuza mwenzio, ofisi ile haikuwa imeivumbua bado. Akainuka, akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka na sanda yake.

Taarifa ya Abdulwakil ilipendeza. *Wote walioulizwa wameridhika,* ilisema, *marehemu wakiwemo.* Mkurugenzi, Mzungu mrefu aliyesoma taarifa akiwa amesimama ili aonekane anazisoma, aliisoma hii akakaa. Alimwita Abdulwakil, akampa mkono, akamwahidi ile nyumba mwisho wa mwezi. Halafu, kwa kuwa furaha ya wakubwa haikai bila kuzaa agizo, akasema kitu kizuri kiasi kile hakiwezi kuachiwa wakata mkonge peke yao.

Agizo likatoka siku hiyohiyo. Kuanzia mwezi huo maafisa wote, tangu Mkurugenzi hadi karani mkuu, watakuwa na kadi, na watahudumiwa na ubao mpya. Afisa asithubutu kuhudumiwa na ubao mwingine wowote, maana hilo litakuwa kuidharau Ulaya.

Asmahani akaja na kadi ya Abdulwakil, mpya, nyororo.

"Bwana Afisa, kwenye safu ya kazi iliyofanyika nitoboe nini? Mkata mkonge namtobolea mafungu. Dereva namtobolea safari. Wewe mwezi huu umefanya nini?"

Abdulwakil akafikiri. Alikuwa ameshughulika sana mwezi ule. Alichoka kila siku. Lakini kitu chenyewe alichofanya kilimponyoka kila alipokikaribia.

"Toboa maoni."

"Tundu la maoni halipo."

"Mkurugenzi umemtobolea nini?"

"Kasema yeye hafanyi, anaongoza. Niache wazi."

"Basi na yangu iache wazi," akasema Abdulwakil kwa hadhi. "Unataka kunitoboa kama kibarua?"

"Ila, bwana, kadi isiyo na tundu..."

"Nenda zako, mwanangu."

Asmahani akaenda zake. Maafisa wengine wote, walipoulizwa, walisema iachwe wazi, na mmoja alikasirika kwa kuulizwa.

Mwisho wa mwezi Abdulwakil alirudi Chumbageni mapema apakie vitu. Barazani alikuta viatu vingi. Ndani walikaa majirani wanawake, na katikati yao Sabiha, nguo nyeupe, uso umekunjwa kwa heshima.

"Nani kafa?" akauliza Abdulwakil.

"Wewe," akasema jirani mmoja, akamsogezea mkeka. "Pole sana."

"Sabiha, mimi huyu hapa."

"Nakuona, Baba Mize," akasema Sabiha, akitazama ukutani. "Lakini karatasi imekuja. Si wewe uliyenifundisha kwamba macho hukosea na karatasi ya shirika haikosei? Sukari wameleta, sanda wamesema zimekwisha, wakubwa waliokufa ni wengi. Na nyumba ya feni kapewa aliye hai." Hapo akaanza kulia, na kilichomliza ni kioo kilichokosa ukuta.

Abdulwakil akatoka mbio kwenda ofisini. Alikuta mstari wa marehemu umeanzia mlangoni na kuzunguka uzio: karani mkuu, mhasibu, wakuu wa idara zote, na Mkurugenzi mwenyewe, kofia mkononi, nyuma kabisa kwa kuwa hakuwahi kujifunza kuwahi. Kanuni za shirika zilisema ngazi ikifariki, iliyo chini yake inakaimu. Matarishi walishuka ngazi moja hadi nyingine wakitafuta aliye hai, na wa kwanza waliyemkuta alikuwa Mzee Kombo, ambaye kadi yake ilikuwa na matundu mengi kuliko karatasi.

Kombo hakukataa. Alivaa kanzu ya Idi, akatia mafuta ya mawaridi, akaketi kwenye meza ya Mkurugenzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuutoa ubao wa zamani ulikokuwa umeegemezwa kuzuia mlango usijifunge, kuufuta vumbi, na kuwarudisha wakata mkonge wote duniani. Maafisa alikuwa hana la kuwafanyia. Agizo la Mkurugenzi lilikuwa wazi, na Kombo hakutaka kuidharau Ulaya. Angeweza tu kukusanya maoni yao.

Abdulwakil alisimama mstarini, jua likimpiga utosini. Zubeiri akapita akitoka bohari, mfuko wa unga begani. Akasimama mbele yake, akamsalimia vizuri tu, bila kejeli, akachomoa kitambaa cheupe kilichokunjwa.

"Nimesikia kwako hazikufika, bwana. Hii mie sikuitumia."

Abdulwakil akaipokea. Mikono ilikuwa imezoea kupokea. Zubeiri akampa pole ya msiba, akashika njia ya Mwera kwa Mwatumu wake.

Zamu ikafika. Abdulwakil akaingia, akainamisha kichwa mbele ya meza.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba, mwanangu." Kombo akachovya kalamu. Asmahani, kando yake, alikuwa ameshika karatasi ileile ya Baraza, yenye nafasi upana wa kidole. "Hujambo?"

Abdulwakil alijua la kusema. Alilipanga mstarini neno kwa neno: sina mke, sina nyumba, sina unga, mimi si maiti, nihamishieni waya mmoja. Alifungua kinywa. Lakini kinywa kile kililelewa Chumbageni na mama mwenye adabu, hakikungoja ruhusa.

"Sijambo," kikasema.

Kombo akaandika, akapuliza wino ukauke.

"Ila, mzee wangu..."

"Nafasi haipo," akasema Asmahani, akamwonyesha karatasi. Kweli haikuwepo.

Jioni, wa mwisho, akaingia Mkurugenzi. Kiswahili alikisoma kwenye kitabu cha maafisa na kuishia ukurasa wa maamkizi, na ukurasa huo aliujua barabara. Kombo akamuuliza hali. Mkurugenzi akanyoosha mgongo, akajibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani kwamba hajambo sana, na nyumbani wote hawajambo.

Kombo akaandika yote mawili.