Kiti Hakijishikilii

Ilitangazwa, kwa sauti ya Mkurugenzi wa Tiketi mwenyewe na mbele ya vipaza sauti vya redio zote, kwamba enzi ya kiti kujishikilia chenyewe imekwisha. Kuanzia msimu huo, kila anayenunua tiketi ya mpira angelipa bei ya tiketi, na juu yake ada ya kuhifadhi nafasi, ambayo ilikuwa nusu ya bei hiyo.

"Hii si tozo," alisema Mkurugenzi, akikaza tai. "Ni shukrani ya mwananchi kwa mfumo."

Alikuwa na sababu ya kuipigania ada ile kufa na kupona. Katibu Mkuu wa Baraza la Kandanda alikuwa anastaafu, na Waziri ndiye wa kumteua mwingine. Waziri alijulikana kwa kupenda watu wanaobuni vyanzo vya mapato. Mkurugenzi alikitamani cheo kile mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Kikwazo cha kwanza kilitoka nyumbani. Shemeji yake, fundi magari, kaka wa mkewe, alikuja Jumapili akakaa sebuleni na grisi yake mikononi.

"Shemeji, hebu nieleweshe. Tiketi nimenunua kwa simu yangu, bando langu, kidole changu. Nyinyi mmehifadhi nini?"

"Kiti."

"Kiti kimechimbiwa kwenye zege! Kingeenda wapi?"

"Kimwili hakiendi," Mkurugenzi alikubali, maana alikuwa mtu wa haki. "Lakini kiutawala kinatangatanga sana."

Fundi alimtazama dada yake. Dada yake akajifanya anatafuta rimoti.

Kelele zilipozidi mitaani, Baraza liliunda Kamati ya Kuchunguza Kama Ada ni Haki. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi, kwa kuwa hakuna aliyeijua ada kumshinda. Wananchi walialikwa ukumbini kutoa maoni, mradi kila mmoja ahifadhi nafasi kwanza na kuilipia ada. Siku ilipofika hakutokea mtu. Kamati ilikaa mbele ya viti vitupu, ikanywa maji ya chupa, ikaandika kwamba kikao kilikuwa cha utulivu mkubwa na hakuna hata mmoja aliyepinga. Asiyekuwapo na lake halipo. Ripoti ikapelekwa kwa Waziri ikiwa na jalada la rangi ya dhahabu: ada ni haki tupu, na mwenye nafasi ni yule aliyewahi kulipia.

Ili kuwabana wakaidi, Mkurugenzi aliongeza kanuni moja. Kiti ambacho hakijalipiwa ada hakina mwenyewe, na mtu yeyote mwenye tiketi anaruhusiwa kukikalia. Aliisoma redioni asubuhi na jioni, tena kwa raha zake.

Siku ya fainali Mkurugenzi alimpokea Waziri getini, akampandisha ngazi za jukwaa kuu huku akimmiminia habari za mapato. Walipofika juu, Mkurugenzi alikwama kwenye ngazi ya mwisho. Makochi yote ya wageni rasmi yalikuwa yamekaliwa na mafundi magari, na katikati yao shemeji yake kajiegemeza, miguu kainyoosha kama yuko kwake.

"Toka hapo!" Mkurugenzi alimnong'oneza, meno kayauma. "Hicho kiti cha Mheshimiwa!"

"Kimelipiwa ada?"

Hakikulipiwa. Wageni rasmi walipewa kadi za bure, na kwa miaka yote ya Baraza hakuna aliyewahi kuota kwamba mkubwa anaweza kulipia kitu. Askari wa jukwaani, ambaye kanuni ile ilikuwa imemkaa kichwani kwa kuisikia redioni, alithibitisha kwa masikitiko kwamba mafundi wako ndani ya sheria.

Fundi aliinuka kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Sisi si watu wabaya. Kiti chako nimekushikia tangu asubuhi na jua lote hili. Nipe tu ya kushikia, ukae."

"Ya kushikia?" Waziri aliuliza.

"Kushikia kiti ni kazi, Mheshimiwa. Muulize shemeji yangu huyo."

"Usimpe!" Mkurugenzi alipayuka, kasahau yuko mbele za watu. "Kiti ni chako, Mheshimiwa! Mtu anatozwaje pesa kukaa mahali pake mwenyewe?"

Mtu mmoja wa viti vya chini akapaza sauti, "Rudia hapo, bosi!" na uwanja ukaangua kicheko.

Waziri alitoa noti, akampa fundi, akaketi. Fundi wa kochi la pili naye alidai yake, lakini Mkurugenzi hakuwa na hata senti mfukoni, kwa sababu hajawahi kuhitaji pesa ndani ya uwanja ule. Basi akasimama nyuma ya Waziri kipindi kizima cha kwanza. Mapumziko yalipofika, akainama.

"Mheshimiwa, samahani. Ile nafasi ya Katibu Mkuu..."

"Imeshahifadhiwa," Waziri alisema bila kugeuka. "Mwenzako wa Manunuzi aliwahi kulipia."

"Kulipia? Mheshimiwa, hiyo si haki!"

Waziri aligeuka, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si haki? Mbona ripoti yako nimeisoma yote? Ndiyo iliyonifungua macho."