Fomu Thelathini na Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, watu thelathini na saba walikuwa wamepanga foleni nje ya ofisi ya msaada wa sheria bila malipo. Hakuna aliyekuwa na kitambulisho. Walizaliwa mji huu, wazazi wao pia, ila hakuna nchi iliyokubali kuwaandika kuwa raia wake.

Msomi aliwaona kutoka ng'ambo ya barabara. Hilo lilikuwa jina la mtaani. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuingia chuo chochote, isipokuwa mara moja, kuuza kalamu, na mlinzi alimtoa. Lakini alikuwa na tai, mkoba, na sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Ndugu zangu, nani anawaandikia maelezo?" aliuliza.

"Karani," alijibu mama mshonaji aliyekuwa mbele, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Anaandika wanane kwa siku. Na mwisho wa kupokea ni leo saa kumi. Binti yangu asipopata karatasi yenye muhuri, hafanyi mtihani."

Msomi alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopimwa vizuri. "Mimi ni mwanasheria. Kwa ada ndogo nitawaandikia wote."

Mama alimtazama kuanzia tai mpaka viatu. Viatu vilisema mengine. "Una kitambulisho? Fomu inataka iandikwe na raia."

"Mama, mimi ni raia tangu tumboni."

"Mimi pia. Nimeuliza kadi."

Akaitoa. Foleni nzima ikanyoosha shingo kuitazama.

"Tutakulipa fomu zikishapigwa muhuri," mama alisema. "Tumeshaliwa pesa na wawili kabla yako. Mmoja alikuwa na tai nzuri kuliko hiyo."

Msomi alikubali upesi. Muhuri ulikuwa wa bure, na kuuza kitu cha bure ndiyo kazi pekee aliyoimudu. Akaazima meza kwa fundi viatu, akachukua fomu kwenye sanduku la mlangoni pa ofisi, akaanza. Ulizaliwa wapi? Mkunga nani? Jirani gani anakukumbuka?

Kusema kweli, aliandika vizuri. Mzee mmoja, fundi wa kupaka rangi, aliposimulia ugomvi wake wa kiwanja na shemeji yake, Msomi alimkatiza.

"Mzee, fomu inauliza ulipozaliwa, haiulizi unayemchukia."

"Mwanangu, ningemchukia kwa miaka thelathini kama siishi hapa?"

Msomi akaandika na ugomvi.

Mama mshonaji alikagua kila fomu. "Baba, huku chini umeruka. Jina, namba ya kadi, sahihi. Ikibaki nafasi tupu, inarudishwa."

"Mambo ya kawaida hayo," alisema Msomi, akajaza bila kusoma. Maisha yake yote aliwategemea watu wasiosoma maandishi madogo. Siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye foleni.

Saa tisa na nusu fomu thelathini na sita zilikuwa zimeingia kwa karani na kutoka na muhuri. Ilibaki ya binti wa mama mshonaji. Msomi aliweka kalamu chini.

"Kwanza malipo, mama."

"Soma mstari wa mwisho, mwanasheria."

Akasoma. Mwandikaji aliapa kwamba hakupokea wala hatapokea malipo yoyote. Akisema uongo, kifungo miaka miwili. Alikuwa ameapa mara thelathini na sita.

"Ulijua?"

"Siku tatu tunatafuta raia wa kukaa hapa kutwa bure. Wote walikuwa na shughuli. Sasa andika ya mwanangu, au niingie ndani niseme ulituomba ada."

"Nani atawasikiliza? Ninyi ni watu wasio na karatasi."

Mama aliwaonyesha kwa kidole wale waliosimama nyuma yake, kila mmoja na karatasi mkononi.

"Hao wanazo. Umewaandikia mwenyewe, na mwandiko wako unasomeka."

Msomi akaichukua kalamu. "Binti alizaliwa wapi?" aliuliza.

Saa kumi kasoro dakika nne, karani alipiga muhuri fomu ya thelathini na saba.