Supu ya Nyama ya Kusaga Mbele ya Wakwe

Jamani, leo aibu imenifuata hadi nyumbani kwangu, tena imenikuta nimevaa aproni ya maua. Mpaka sasa naandika suruali haijakauka. Kwa nini imelowa, mtaelewa tu. Tulieni.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni fundi simu hapa Masasi mjini, nimepanga chumba na sebule huku Mkomaindo. Wanajua pia kuwa nina mchumba, Somoe, mwalimu wa shule ya msingi Newala. Kwao ni Mkunya, hukohuko Newala. Posa yangu ilipelekwa tangu msimu wa korosho, ikapokelewa vizuri, halafu kimya. Kwa watu wa huko baba anasikilizwa, lakini neno la mwisho juu ya binti analo mjomba wake, kaka wa mama. Na mjomba wa Somoe, Mzee Chitanda, alituma ujumbe mfupi tu: "Nitakuja kumwona anavyoishi."

Basi leo ndiyo kaja.

Somoe alinipigia asubuhi na mapema.

"Mjomba kashapanda gari. Mama naye yumo, ana shida yake hapo hospitali. Sasa sikiliza: pika kuku."

"Kuku kila mtu anapika," nikamjibu.

"Ndiyo maana nakwambia upike kuku."

(Huyu mwanamke ana akili sana. Katika uchumba huu asiye na akili ni mimi.)

Shida ya mama sikuiuliza. Mkwe mtarajiwa haulizwi habari za mwili wake, utaanzia wapi?

Aliyeniponza ni televisheni. Zamani redio ilikuwa moja, inasema mambo yake, unazima unalala. Siku hizi soko huria, stesheni kibao, na pale kibandani kwangu nina televisheni ya mteja ambaye hajaja kuichukua. Wiki iliyopita nikamwona mpishi mmoja, kofia ndefu nyeupe, anapika supu ya nyama ya kusaga na mboga. Karoti, viazi, njegere, kabichi, vyote sufuria moja! Akaonja. Akafumba macho. Nikasema moyoni, hii ndiyo itakayonipa mke.

Nikaenda sokoni. Mwenye bucha akanikatia nyama nzuri, na mifupa yake, maana kwake nyama bila mfupa haipimwi.

"Unapika nini, fundi?"

"Nataka kuisaga."

Akasimama na panga lake. "Kwani nyumbani kuna mtoto anayeota meno?"

Nikacheka. (Cheka, fundi. Cheka tu.)

Mashine ya kusagia nyama niliazima kwa jirani yangu, Mama Asumini. Yeye anakaanga sambusa za kuuza, na mashine yake ni ile ya mkono, inabanwa kwenye ukingo wa meza. Akanipa bila neno, ila jicho lake lilikuwa kwenye mfuko wangu.

"Na hiyo mifupa unaipeleka wapi?"

"Siihitaji. Mapishi yangu hayana mifupa."

"Basi lete huku, mwanangu, isiharibike."

Nikampa yote, na minofu iliyoganda pembeni, na shukrani juu. Nilijiona muungwana kweli.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana watu watasema sijui kupika. Nilipika! Nilisaga nyama ikatoka laini. Nikakaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya dhahabu, nikatia saumu na tangawizi, nikatia nyama, nikaigeuza mpaka maji yake yakakauka. Nyanya. Karoti. Viazi. Njegere na kabichi mwishoni, zisirojeke. Maji ya moto, pilipili manga, matone ya ndimu. Nikaonja, nikafumba macho kama yule mpishi. Supu ilikuwa tamu, jamani. Yaliyotokea baadaye yasihusishwe na utamu wa supu.

Wageni wakafika mchana. Mzee Chitanda mbele, koti juu ya kanzu, kofia ya vito, mgongo umenyooka. Meno yake yote yapo, tena yamechongwa ncha kwa mtindo wa wazee wa kale wa Kimakonde. Nyuma yake mama yake Somoe, kanga imeshuka mpaka puani. Alipoona mlango wangu tu akakata kona, akaenda kukaa barazani kwa Mama Asumini. Ndivyo inavyotakiwa. Mkwe wa kike na wewe hamtazamani usoni, hamkai chumba kimoja, na kumwona anakula ni kosa ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini. Mimi nilisikia kandambili zake tu. Bakuli lake la supu nikampa Mama Asumini ampelekee.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hapa ndipo unapoishi?"

"Ndipo, mjomba."

Akatazama juu. "Bati halivuji?"

"Halivuji, mjomba."

"Choo?"

"Kipo, mjomba."

"Pombe?"

"Sinywi, mjomba."

"Mm."

Ile "mm" ilikuwa nzuri. Niliihisi mpaka miguuni. Nikamnawisha mikono, akaipangusa vizuri, akakunja mikono ya koti kama mtu anayejiandaa kupambana na ugali. Nikamwekea bakuli. Na kijiko.

Akanitazama mimi. Akakitazama kijiko.

"Hii nini, mwanangu?"

"Supu ya nyama, mjomba. Karibu."

Akakoroga. Akainama, akakoroga tena. Akaopoa kipande cha karoti, akakiweka ukingoni. Akaopoa kiazi, akakiweka jirani na karoti. Njegere zikafuata. Ukingo wa bakuli ukawa kama genge la mboga sokoni.

"Nyama iko wapi?"

"Imo humo, mjomba."

"Humo wapi? Nnaona nchuzi. Nnaona majani. Nyama siioni."

"Imesagwa, mjomba."

Kijiko kikawekwa mezani, taratibu.

"Aliyeitafuna kabla yangu ni nani?"

"Mashine, mjomba."

(Ndiyo. Nilimjibu hivyo. Mdomo wangu huwa haunishirikishi.)

Mzee akafungua kinywa chote. "Tazama. Tazama mpaka ndani. Haya meno nilichongwa nikiwa kijana, sikulia. Nimevunjia mifupa ya mbawala. Leo nimetoka Mkunya kuja kutafuniwa nyama kama kitoto?"

Hapo ndipo kichwa changu kikafunguka, kwa kuchelewa kama kawaida yake. Kwetu mgeni wa heshima anaonyeshwa nyama yake. Kama ni kuku, firigisi inamtazama. Kama ni ng'ombe, mfupa wenye nyama unakaa juu, kila mtu anauona na kujua huyu ndiye mkubwa wa siku. Mimi heshima yake nzima nimeipitisha kwenye mashine, imetoka vipande visivyo na mwenyewe.

Nikajieleza. Nikataja televisheni. Nikataja afya, vitamini, nikamtaja mpaka mpishi na kofia yake. Kadiri nilivyotaja ndivyo mzee alivyozidi kulisogeza bakuli mbali.

Kisha upepo ukageuka. Kutoka uani kwa Mama Asumini ikaja harufu ya mifupa iliyochemka tangu asubuhi. Chumvi, ndimu, mafuta ya uboho. Pua ya mjomba ikaisikia kabla ya mjomba mwenyewe.

"Nnakwenda kunyoosha miguu kidogo," akasema.

Miguu ikanyooka moja kwa moja mpaka kwa Mama Asumini.

Nikangoja. Supu mezani ikaanza kuganda mafuta. Nikangoja tena. Mwishowe nikaenda kuchungulia kwenye uzio wa mabua. Mzee Chitanda alikuwa kwenye kigoda, koti kalivua, mfupa mkubwa kaushika kwa mikono miwili, anafyonza uboho kwa sauti. Pembeni yake ugali wa muhogo. Na Mama Asumini anamhimiza, "Ongeza mjomba, ongeza, usione haya."

Mifupa yangu! Nimeinunua mimi! Mgeni wangu kanihama, kahamia kwenye mifupa yangu!

Sitawaficha, machozi yalinilenga. Nampenda Somoe. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia vyumba vya kupanga vyenye nafasi ya watu wawili, halafu yote yanakwisha kwa sababu ya njegere. Nilifikiria nitamwambia nini jioni akipiga. Nikaona heri nirudi jikoni nikale supu yangu mwenyewe, angalau mmoja wetu aimalize.

Barazani mama hakuwepo, lakini sikulitilia maanani. Nikajua yuko anaswali.

Banda langu la jiko liko uani, lina moshi na giza kidogo. Nikasukuma kibao cha mlango.

Mama yake Somoe alikuwa amekaa chini, sufuria yangu kaipakata, mwiko mdomoni. Mashavu yote mawili yamejaa.

Tukatazamana. Usoni! Kwa mara ya kwanza!

Mtu mwenye akili angegeuka aondoke kama hakuona kitu. Mimi hofu ilinipanda, adabu zote nilizofundishwa zikanitoka kwa mkupuo mmoja, nikapaza sauti kama niko paredi:

"SHIKAMOO MAMA!"

Shikamoo lazima iitikiwe. Na yeye kinywa kimejaa.

"Mmhm-mmh," akasema mkwe wangu, karoti ikadondoka.

Akajitupia kanga kichwani, yeye na sufuria pamoja. Mimi nikarudi kinyumenyume, maana kumpa mkwe mgongo nayo ni vibaya (eti wakati huo nilikuwa bado nahesabu yaliyo vibaya), kisigino kikagonga beseni la maji niliyooshea viazi, nikakaa ndani yake. Pwaa! Maganda yakapaa. Moja likatua kichwani mwangu.

Kelele zile zikamleta mjomba, mfupa mkononi. Zikamleta na Mama Asumini, mwiko mkononi. Wakanikuta kwenye beseni na aproni yangu ya maua, na mbele yangu kanga iliyojifunika inayotoa mvuke.

"Umemwona nkweo akila?" mjomba akauliza, sauti ya baraza la kijiji.

"Nimemwona, mjomba. Ni bahati mbaya."

"Mdomo ulikuwa mtupu au una kitu?"

"Ulikuwa umejaa, mjomba."

Akatikisa kichwa. "Hilo kosa kubwa. Faini yake jogoo. Utampeleka Mkunya mwenyewe, kwa mkono wako, umkabidhi mbele ya ukoo."

Nikasema sawa mjomba. Ningesema sawa hata angetaka ng'ombe. Nilichotaka ni kutoka kwenye beseni.

Lakini Mama Asumini, ambaye siku zote hasemi kitu mpaka akione kina faida, akaweka mkono kiunoni.

"Samahani mjomba, mimi naomba kuelewa. Faini ya kumwona mkwe akila anatozwa nani?"

"Nkwe."

"Na huyu fundi hujamjibu posa yake. Sasa ni mkwe, au ni mpita njia tu aliyeanguka kwenye beseni? Kama ni mpita njia, jogoo wa nini?"

Mzee Chitanda akauangalia mfupa wake kama utamsaidia. Maji ya viazi yakazidi kunipenya. Sijawahi kuomba Mungu nitozwe faini, leo nimeomba.

Ndipo sauti ikatoka chini ya kanga. Haikunielekea mimi, ilimwelekea Mama Asumini, maana na mimi haongei.

"Mwambie kaka, jogoo aletwe. Na kijana aje na ile mashine ya kusagia nyama. Tangu jino lianze kunisumbua sijala kitu kikashuka, nakunywa uji tu. Leo ndiyo nimekula nikashiba."

Kumbe ndiyo shida iliyomleta hospitali!

Mjomba akamwangalia dada yake, yaani akaiangalia kanga. Akaniangalia mimi. Akang'ata mfupa, akatafuna pole pole, kusudi nione kuwa meno yanafanya kazi.

"Mwenye mtoto kashasema," akasema. "Toka kwenye maji, nkwe, utapata homa."

Nkwe! Kaniita nkwe, nimeketi kwenye maganda! Mama Asumini alicheka mpaka akakaa chini.

Nimejaribu kumpigia Somoe nimweleze kwa utaratibu wangu. Kumbe habari zimeshamfikia. Alipokea simu akiwa anacheka, akacheka mpaka sauti ikakatika, nikadhani mtandao. Halafu akatulia.

"Huyo jogoo unamleta lini?"

"Hata kesho, ukitaka."

"Kesho niko darasani. Njoo Jumamosi, nikuone ukishuka naye." Akaongeza: "Nilijua watakukubali. Ila sikujua utawakubalisha kwa kukaa kwenye beseni."

Basi hivyo ndivyo nilivyopata mke. Mwenye jogoo mzuri hapa jirani Lisekese anitumie ujumbe. Na tafadhali asinipigie mtu simu kwa ajili ya kunicheka: mama mkwe amelala chumbani kwangu, mimi nimehamia barazani, dawa ya hospitali imempoza jino, na simu yangu mimi fundi mlio wake umegoma kupungua.