Bakuli la Ubatizo wa Una

Jumatatu, 6 Mei
Mti wa elmu wa uwanja wa kanisa umekatwa. Ugonjwa uliuua. Kijiji kizima tulisimama kwenye mvua, mvua yetu ya Uskoti isiyojua kuwa ni Mei, tukautazama ukianguka. Mchungaji Moncrieff akasema bakuli la jiwe la kubatizia limepasuka, na Jumapili anabatizwa mjukuu wangu Una. Je, yupo wa kukereza bakuli dogo kutokana na mti huu? Macho yote yakamgeukia Farquhar, kaka wa mke wangu, mkerezaji wa vyombo vya mbao tangu ujana. Nikawahi. Nikasema nimeshaanza. Uongo mtupu! Hata gogo sina.

Jumanne, 7 Mei
Mpango safi. Farquhar ametia gogo moja alama ya chaki. Fundi haweki alama kwenye takataka, nikajiambia. Alipokwenda kunywa chai, nikalibeba. Mgongo hoi. Baadaye akapita dirishani, akauliza kwa upole kama ni mimi niliyechukua gogo la kuni, lile lenye ufa. Nikamwambia ndilo hasa nililolitaka.

Jumatano, 8 Mei
Elspeth, mke wangu, kauliza paka wa nani kakojoa bandani. Si paka! Ndivyo elmu mbichi inavyonuka ukiikereza. Hakuamini. "Baba Kirsty, wewe na huyo paka wako mtalala hukohuko."

Lakini lo! Patasi ilipopita gome, maranda yakaruka marefu, mabichi, yakanilowesha nywele. Ndani, mistari ya kahawia imejipinda kama mto unaokwepa mawe. Katikati, utepe wa kijani. Kijani, ndani ya mti mfu! Nikazima mashine ya kukerezea. Nikavua kofia, sijui kwa nini. Tumezikana chini ya mti huu tangu enzi za mababu, na hakuna aliyejua kilichomo.

Kisha nikaliinua bakuli kwenye mwanga. Mwanga ukapita upande wa pili. Ufa.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeziba ufa kwa gundi na unga wa kahawa. Hauonekani kabisa! Farquhar alipokuja, nikalishika bakuli kidole gumba kikiwa juu ya ufa. Akakitazama kidole. Akasema analo gogo zima, kavu, la elmu nyingine. Tulikereze pamoja, na hatamwambia mtu. "Shemeji, kahawa ikikutana na maji moto, huwa kahawa." Nikamjibu wivu ni maradhi. Akaondoka bila kumaliza biskuti yake. Farquhar kuacha biskuti!

Jumamosi, 11 Mei
Msasa, kisha mafuta ya kitani. Tone la kwanza lilipoenea, mbao ikaamka. Siwezi kusema vingine. Mistari iliyokuwa imefifia ikasogea mbele, ikang'aa kama asali, na ule utepe wa kijani ukawa na kina, kama unachungulia kisima. Mimi ndiye niliyefanya hivi? Hapana. Mimi nimeondoa tu kilichokuwa kimeufunika.

Elspeth aliingia kunigombeza kuhusu taulo lake zuri nililofutia mafuta. Badala yake akaligusa bakuli ukingoni kwa kidole kimoja. Akasema, kwa sauti ya kanisani, ni zuri. Halafu akauliza mbona limekuwa kama yai. Nikamwambia mbao mbichi hujichagulia umbo. Ni kweli. Nilishangaa mwenyewe kusema kweli.

Jumapili, 12 Mei
Mchungaji alimhurumia mtoto, akatia maji ya vuguvugu. Maji yakawa rangi ya chai. Harufu ya kahawa ikafika viti vya nyuma. Kisha tone. Tone jingine. Juu ya kiatu cha mchungaji. Ardhi, nimeze!

Una alikuwa akipiga mayowe tangu mlangoni. Akaliona tone likianguka. Kimya. Macho makubwa yakafuata tone, tena tone. Kanisa zima likatazama naye. Jua lilikuwa limetoka, na kila tone lilipopita kwenye mwanga wa dirisha liliwaka. Ndipo Farquhar akainuka, akapiga goti mbele ya watu wote, akakinga viganja chini ya bakuli langu ili maji ya mtoto yasimwagike chini. Hakuinua uso kunitazama. Alikaa hivyo sala nzima, maji yakimwingia kwenye mikono ya suti. Mchungaji akachota yaliyobaki. Una akapata jina lake.

Nililia. Binti yangu Kirsty, mama yake Una, alilia. Sijawahi kuona kitu kama kile maishani.

Jumatatu, 13 Mei
Dukani nimewaeleza watu kwamba ufa niliuacha kwa makusudi. Ni ustadi wa zamani, wachache wanaujua. Farquhar alikuwa ananunua maziwa. Alicheka mpaka akashika kaunta. Wivu bado haujamtoka.

Bibi Carruthers wa kamati ya chai analalamika birika lao limetoboka, na sherehe ya kiangazi iko karibu. Nimemwahidi la mbao. Akasema birika hukaa motoni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutatumia moto mdogo.