Miguu Yangu na Mpunga wa Ambwene

Jumatatu, 3 Machi

Miguu imeanza tena. Nikiilaza tu, kuna vitu vinatambaa ndani ya mifupa. Nikitembea uani, kimya. Nikirudi kitandani, mateke! Mke wangu Tusajigwe kayavumilia tangu Krismasi. Leo kahamia kwa mama yake, Bujonde. Kasema atarudi siku nitakapotibiwa. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jambo jingine. Asubuhi nimekuta tope kavu katikati ya vidole. Sikumbuki kukanyaga tope.

Jumanne, 4 Machi

Mpunga wa jirani yangu Ambwene umepaliliwa wote. Jembe sijamwona nalo mwaka huu! Kanisalimu "Ugonile?" huku anatabasamu. Ananiuliza kama nimelala, na anajua fika sijalala. Hapa Mwaya hakuna asiyejua kwamba wapo watu wanaochukuliwa kichawi usingizini wakalime mashamba ya wenzao. Nikaitazama miguu yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati! Kituo cha afya kuna daktari, Hanifa, anachunguza miguu isiyotulia. Wanalinganisha damu ya wenye tatizo na ya watu waliotulia. Nimejiandikisha. Mpango wangu: sayansi imkamate Ambwene. Nimempendekeza kwa kundi la waliotulia, nikamwambia ni heshima kubwa. Kakubali, mjinga yule!

Jumatano, 19 Machi

Majibu. Daktari Hanifa kasema damu yangu ina dalili nyingi zaidi za kuchakaa kuliko ya waliotulia, mfano wa jembe linaloshika kutu. Sababu bado wanaitafuta. Madini ya chuma nayo ni kidogo. Nikamuuliza kama damu huchakaa kwa kazi za usiku. Kasema kukosa usingizi huenda kunachangia. Huenda! Ambwene mwenyewe kaniambia yake haina shida yoyote. Yeye anapumzika, mimi nachakaa. Ushahidi gani tena?

Nimepewa vidonge vya madini, nisivinywe na chai. Nikauliza kama vitaipa miguu nguvu. Kasema anatumaini hivyo. Yaani niwanenepeshe vibarua wa Ambwene? Thubutu! Nimevificha darini.

Jumamosi, 22 Machi

Tusajigwe kasikia nimetibiwa, karudi. Nimefurahi mpaka nikasahau kuhamisha vidonge. Kavikuta. Sasa kila jioni ananisimamia nimeze, kisha ananifungulisha mdomo kama mtoto.

Ijumaa, 25 Aprili

Miguu imetulia. Nalala! Tusajigwe anaimba jikoni na mimi nanenepa. Lakini shamba la Ambwene bado safi. Sasa nani analima?

Leo asubuhi nimejua. Tope, hadi kwenye vifundo, miguuni mwa Tusajigwe. Kasema aliamka alfajiri kupalilia mpunga wetu kwa sababu mimi nalala kama gogo. Nimekwenda kuangalia. Kweli, nusu imepaliliwa. Ambwene ni mjanja sana, anaficha nyayo.

Jumapili, 27 Aprili

Jana aliposinzia nikafunga mguu wake na wangu kwa kamba ya mgomba. Alipoinuka kwenda haja akaanguka kifudifudi. Nikamweleza kwa upole kwamba na yeye anachukuliwa, twende damu yake ikapimwe kabla haijachakaa. Akakaa sakafuni, akaifungua kamba.

"Mume wangu," akasema, "nilikuwa naiogopa miguu yako. Sasa nakuogopa wewe."

Kaondoka kabla ya ibada. Safari hii hakutaja siku ya kurudi. Nimelia, sifichi.

Na huyo Ambwene kapita jioni kunipa pole! Nimemfungia mlango. Ana vibarua wawili sasa, miguu ya mke wangu, na mimi nalala peke yangu. Vidonge vyote nimevitupa chooni. Miguu ikianza tena nitaiacha inipeleke. Huko shambani kwa Ambwene angalau nitamkuta Tusajigwe.